Nani Alimwona Kambarage?

Kabla sijaenda fildi Tabora nilikuwa najua mambo machache sana kuhusu Mwalimu Nyerere: picha yake iliyotundikwa kwenye ofisi ya kila mwalimu mkuu, sura yake kwenye noti ya 1,000, na kwamba Oktoba 14 hakuna vipindi. Wengi wetu tunaosoma jarida hili tulizaliwa yeye akiwa ameshafariki. Tumemkuta kwenye maswali ya mtihani, basi. Kwa hiyo mnivumilie nikianzia habari zake mbali kidogo, kwenye mkeka wa darasa la awali.

Nasoma shahada ya elimu ya awali, sasa niko mwaka wa tatu. Mwaka jana nilipangiwa mafunzo kwa vitendo katika shule moja ya msingi ya serikali, Tabora mjini. Wenzangu waliopangiwa Dar walinipa pole. Mimi nilishukuru, maana bibi yangu anaishi Isevya, na kwa bibi mtu halipi kodi wala hali chipsi kila siku.

Mhadhiri wetu alitupa fomu. Alituonya kabisa kwamba hatuendi kukagua andalio la somo, hilo lina wenyewe. Sisi tunaenda kuangalia kitu kimoja tu: mwalimu na mtoto wanazungumzaje. Uangalizi wa namna hii unafanyika nchi nyingi siku hizi. Chombo kimoja maarufu kinaitwa CLASS, kilibuniwa na Robert Pianta na wenzake wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani. Mwangalizi hukaa kama dakika 20 akiandika, halafu anatoa alama kuanzia 1 mpaka 7 kwa mambo ya aina tatu. La kwanza ni moyo wa darasa, yaani kama watoto wanajiona salama na wanapendwa. La pili ni mpangilio, kama muda unatumika au unapotea. La tatu ni msaada wa kufikiri, kama mtoto anasukumwa aeleze anachokiona au anaambiwa arudie tu alichosikia.

Fomu yetu ilikuwa nyepesi zaidi. Ilikuwa na safu tatu. Mwalimu amezungumza na mtoto mmoja mmoja mara ngapi? Mtoto amejibu kwa maneno yake mwenyewe mara ngapi? Na baada ya kuuliza, mwalimu amesubiri muda gani?

Siku niliyoingia kulikuwa na watoto 87. Kiwango cha serikali kwa darasa la awali ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja. Mwalimu alikuwa mmoja, mama wa makamo, sauti imeshakwaruza. Aliimba nao, wakaitikia. Aliuliza rangi ya embe, wakaitikia wote kwa pamoja. Mtoto aliyepata alipigiwa makofi ya kilo. Kwa nje darasa lilipendeza kweli. Lakini fomu yangu ilibaki nyeupe: katika dakika 20 watoto wanne tu ndio walioulizwa peke yao, na wote walikaa mkeka wa mbele. Muda wa kusubiri ulikuwa haupimiki. Swali na jibu vilitoka kwenye mdomo huohuo.

Mkeka wa nyuma alikaa mtoto mmoja aliyevaa sweta kubwa kuliko yeye. Kwa siku tatu sikumsikia akisema neno na mtu mzima yeyote. Hakuwa mtundu, hakulia, hakuomba ruhusa ya kwenda chooni. Niliandika habari zake kwa kalamu nyekundu, nikajiona mtafiti.

Siku ya nne mwalimu aliniuliza nimeona nini. Nikamwambia, tena kwa maneno ya darasani kwetu. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakukasirika. Akanipa chaki, akasema kesho nifundishe mimi na fomu ashike yeye.

Nilifundisha. Alipomaliza alinirudishia karatasi. Nilikuwa nimezungumza na watoto watano, wote wa mbele. Safu ya kusubiri alikuwa ameweka sifuri, akaizungushia duara. Mtoto wa sweta sikumwita. Ukweli ni kwamba sikumkumbuka hata kidogo.

Jioni nilitembea kwa aibu kurudi Isevya. Tabora ni mji wa miembe, na watu husema mingi kati yake imetokana na misafara ya zamani iliyokuwa ikitoka Bagamoyo, kupumzika hapa Unyanyembe, na kuendelea mpaka Ujiji. Bibi yangu ni Mnyamwezi, na wapagazi kwake si habari ya kitabuni. Babu wa babu yake alibeba. Nilipomsimulia yaliyonikuta alinipa matobolwa, akanieleza habari ya kirangozi, yule aliyetangulia mbele ya msafara. Kwa maelezo ya bibi, kirangozi mzuri hakujulikana kwa mwendo. Alijulikana kwa masikio, kwa sababu anatembea mbele lakini lazima asikie nyuma, kule aliko yule mwenye mzigo mzito na mguu unaouma. Asiposikia, yeye atafika na msafara hautafika.

Halafu, kwa namna ya wazee wanavyorukia mambo, akaniuliza kama nimeshapita Tabora Boys kuona aliposoma Mwalimu. Usiku ule nikajiuliza swali ambalo sikuwahi kujiuliza: ni nani alimwona Kambarage? Siyo Rais. Mtoto. Nilipata vitabu viwili vitatu kwa mwalimu mmoja mstaafu, nikasoma maisha yake na ile fomu yangu ya safu tatu pembeni. Niliyoyakuta ndiyo haya.

Kambarage alizaliwa Butiama mwezi Aprili 1922. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki mwenye wake wengi, na mama yake aliitwa Mugaya. Ukisikia mtoto wa chifu unaweza kudhani alilelewa kwenye mito ya hariri. Wapi! Alichunga, alilima, alilala kwenye nyumba ya mama yake kama watoto wengine. Mpaka anafikisha miaka 12 alikuwa hajaingia darasani hata siku moja. Kwa hesabu zetu za leo ni mtoto aliyechelewa miaka sita au saba.

Aliyemwona kwanza, kama inavyosimuliwa, si mwalimu. Ni mtu mzima aliyekaa naye kwenye bao. Alikuwa chifu wa Ikizu, rafiki wa baba yake, ambaye alipofika Butiama alipenda kucheza bao na huyu kijana. Mtoto akawa anamshinda. Chifu yule akamshauri Nyerere Burito asimwache kijana mwenye akili kama hii achunge tu, ampeleke shule.

Nilisoma kisa hiki mara mbili. Ukiufikiria mchezo wa bao, ni mazungumzo yasiyo na maneno. Unapeleka kete zako, kisha unasubiri. Huwezi kumchezea mwenzako zamu yake. Ukimchezea, huo si mchezo tena. Mtu mzima anayecheza bao na mtoto analazimika kufanya kitu ambacho mimi nilishindwa mbele ya watoto 87: kunyamaza na kuangalia mwenzake anafikiri nini. Chifu wa Ikizu hakuwa na fomu, lakini safu zote tatu alizijaza. Alikuwa na mtoto mmoja mbele yake, alimwona akijibu kwa akili yake mwenyewe, na alisubiri.

Mwaka 1934 Kambarage akapelekwa shule ya Mwisenge, Musoma, akalala bweni mbali na mama yake. Huko akamkuta mtu wa pili, Mwalimu James Irenge, ambaye mpaka uzeeni watu wa Musoma walimjua kama mwalimu wa Mwalimu. Irenge hakuishia kwenye kusoma na kuandika. Alizungumza na wanafunzi wake mambo ya nchi yao na utawala wa wageni, mazungumzo ambayo kwa wakati ule hayakuwa salama kwa mwalimu mwenyewe. Kijana aliyeanza akiwa na miaka 12 aliwahi wenzake, na 1937 alifaulu kwenda Tabora.

Reli ya kutoka Tabora ilikuwa imeshafika Mwanza tangu 1928. Shule ya Serikali ya Tabora ilikuwa shule ya fahari ya Tanganyika, iliyofunguliwa miaka ya 1920 ikiwalenga hasa watoto wa machifu, na kuendeshwa kwa mtindo wa shule za bweni za mabwana wa Uingereza, kwa mabweni yenye majina, viranja wenye vyeo, na kengele ya kila jambo. Waandishi wa maisha yake wanasimulia kwamba Nyerere hakupenda namna viranja walivyokuwa wakipewa chakula cha ziada na kuwanyanyasa wadogo. Alilalamika kwa uongozi wa shule. Baadaye yeye mwenyewe akawa kiranja. Alipenda midahalo pia, na mtu anayependa midahalo amejifunza mapema kwamba mwenzake naye ana zamu yake.

Kutoka Tabora alikwenda Makerere mwaka 1943 kusomea ualimu. Mwaka huohuo, mwezi Desemba, alibatizwa na kuitwa Julius. Alipohitimu 1945 angeweza kurudi Tabora kwa mwajiri mkubwa, serikali, yenye pensheni na vyeo. Alichagua kufundisha St. Mary's, shule ya Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita White Fathers, hapohapo Tabora. Ndiyo shule inayojulikana leo kwa jina la Milambo. Alianza 1946, akafundisha kwa miaka mitatu. Nje ya darasa alijiunga na tawi la Tabora la chama cha TAA.

Nilitembea mpaka Milambo Jumamosi moja. Sikwenda kutafuta kumbukumbu yoyote, nilitaka tu kuona umbali. Nilisimama nje ya uzio nikawaza: huyu alikuwa na miaka 24, sawa na baadhi yetu tunaolalamika boom limechelewa, na alikuwa ameshachagua kazi yake. Jina la Mwalimu alianza kulipata huku, kwenye vumbi hili la chaki, kabla ya Ikulu.

Mwaka 1949 alikwenda Edinburgh, Uskoti, akarudi 1952 na shahada. Akafundisha St. Francis, Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam. Mwaka 1953 alichaguliwa rais wa TAA, na Julai 7, 1954 TAA ikawa TANU. Machi 1955 ilibidi achague kati ya siasa na chaki, akaacha kazi. Lakini ukiangalia vizuri, darasa hakuliacha. Alilihamisha tu.

Ushahidi wa hilo uko Tabora tena. Januari 1958 TANU ilifanya mkutano wake mkuu hapa, na chama kilikuwa karibu kupasuka. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeleta uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mhindi mmoja na Mzungu mmoja. Wanachama wengi walitaka kuususia, na kwa haki, maana masharti yalikuwa ya matusi. Nyerere aliona kususia kungewaacha wengine waingie Baraza la Kutunga Sheria bila upinzani. Inasimuliwa kwamba hakuwahubiria sheria wala takwimu. Aliwapa mfano wa mtu mwenye shamba lililoiva, na kulifikia hana budi apite kwenye tope achafuke. Aliwaachia wenyewe wapime. Walibishana, wakapiga kura, wakakubali kushiriki. Uamuzi ule ndio unaoitwa Uamuzi wa Busara, na TANU ilishinda. Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka na kuanzisha chama chake. Yaani darasa zuri si lile ambalo wote wanaitikia. Kuna mmoja alisema hapana, na sauti yake ilisikika mpaka leo tunaitaja.

Mpaka hapo fomu yangu ilikuwa imejaa vizuri na nilikuwa karibu kumwandikia Mwalimu alama 7. Lakini jarida la wanafunzi haliwezi kuipita Oktoba 1966 kimyakimya.

Serikali ilipitisha mpango wa lazima wa Jeshi la Kujenga Taifa kwa wahitimu. Miaka miwili, na kwa muda mrefu wa kipindi hicho wangelipwa sehemu tu ya mshahara. Wanafunzi wa Chuo Kikuu na vyuo vingine waliandamana Oktoba 22 mpaka Ikulu, na mabango yaliyosema wakati wa mkoloni ulikuwa na nafuu. Mwalimu aliwapokea. Aliwasikiliza mpaka wakamaliza kusoma madai yao. Kisha akajibu, na hasira yake ilipanda kadiri alivyoendelea. Aliona wanadai malipo makubwa kwenye nchi ya wakulima, akatangaza palepale kukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Na wanafunzi zaidi ya 300 wakafukuzwa, wakarudishwa makwao vijijini. Wengi waliruhusiwa kurudi baadaye.

Niseme ninavyoona, na aliye na maoni mengine aandike toleo lijalo. Ile siku mwalimu alimwona mwanafunzi, na alichokiona kilimuumiza. Alimsikiliza. Ila mazungumzo yaliishia kwenye mabasi. Nami nilijifunza kwa ile sifuri yangu kwamba mtu anaweza kupenda sana watoto wake na bado akawachezea zamu yao.

Lakini kuna kitu alichokifanya baadaye ambacho walimu wachache wanakiweza. Mtoto akifeli, wengi tunamlaumu mtoto. Yeye alirudi kuitazama shule yenyewe. Machi 1967, miezi mitano tu baada ya tukio lile na mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha, alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Ndani yake anauliza shule zetu zinazalisha mtu wa namna gani, na anajibu bila kujipendelea: zinawatenga wachache na wenzao, zinamfundisha kijana kwamba elimu iko kwenye vitabu tu, zinamwandaa kwa mtihani. Anataka elimu ijenge vitu vitatu ndani ya mtoto: akili ya kudadisi, uwezo wa kujifunza kwa wengine na kupima kama linamfaa, na kujiamini kwamba yeye ni mtu huru aliye sawa na wenzake.

Ukiviangalia vitu hivyo vitatu, hakuna hata kimoja kinachofundishwa kwa kuitikia. Mtoto hadadisi kwa pamoja na wenzake 86. Kujiamini hakuji kwa kupigiwa makofi kwa sababu umerudia neno alilolisema mwalimu. Vinakuja mtu mzima anapouliza kitu asichokijua jibu lake, kisha akasubiri.

Na hapa kuna jambo gumu kwa sisi wa elimu ya awali. Katika andiko hilohilo Mwalimu hakutaka watoto waanze shule mapema. Alitaka waanze wakiwa wakubwa zaidi ili wanapomaliza darasa la saba wawe na umri wa kufanya kazi vijijini. Kwa nchi ile, iliyokuwa na shule chache na fedha kidogo, hesabu yake inaeleweka. Yeye mwenyewe alianza akiwa na miaka 12 na akafika Edinburgh. Ila nadhani alisahau kujihesabia bao. Kabla ya Mwisenge alikuwa ameshapata darasa lake la awali chini ya mti, na mtu mzima mwenye muda.

Mwaka 1974 mjini Musoma, chama kiliamua kwamba elimu ya msingi kwa watoto wote, iliyokuwa imepangwa kufikiwa 1989, ifikiwe 1977. Lilikuwa jambo la ujasiri mkubwa, na mama zetu na baba zetu wengi waliingia shule kwa sababu yake. Bibi yangu anasema mama yangu asingejua kusoma bila uamuzi ule. Lakini walimu walitoka wapi? Vijana waliomaliza darasa la saba waliandaliwa wakiwa kazini, madarasa yakajaa, na mwalimu aliyejaa hana namna isipokuwa kuimbisha. Tuliwaingiza watoto mlangoni, kisha tukawapoteza ndani. Itikio ninalolisikia kwenye mikeka ya leo lina historia. Ni urithi wa nchi iliyotaka kumfikisha kila mtu, na haikupata nafasi ya kusikia nyuma.

Mwalimu alistaafu urais 1985, akarudi Butiama kulima. Alifariki London Oktoba 14, 1999, akazikwa kijijini alikozaliwa. Sera ya Elimu ya 2014 ndiyo iliyokuja kufanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima. Tangu ada zilipofutwa, watoto wamekuja kwa wingi, na kwa mara nyingine tena mlango umefunguka haraka kuliko madarasa yalivyojengwa. Tupo palepale pa 1977, isipokuwa safari hii watoto wana miaka mitano.

Basi nilirudi shuleni Jumatatu bila kalamu nyekundu. Nilimwomba mwalimu samahani, naye akacheka, akasema kila mwaka wanakuja wa aina yangu. Tukakaa tukafikiri. Vyumba hatuwezi kujenga, mwalimu wa pili hatuwezi kuajiri. Tunaweza nini?

Tulikata maboksi tukatengeneza kadi 87, kila moja na jina la mtoto. Kila asubuhi tulichukua kadi 10. Wale 10, siku hiyo, lazima kila mmoja azungumzishwe peke yake, iwe kwenye mkeka, iwe kwenye foleni ya uji, iwe anapofungwa kamba za viatu. Kwa siku tisa darasa lote linaisha, tunaanza upya. Hakuna kuchagua wa mbele, kadi ndiyo inayochagua.

La pili lilikuwa la kusubiri. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, alipima madarasa mengi akagundua kwamba mwalimu akishauliza husubiri kama sekunde moja tu, kisha anajibu mwenyewe au anamgeukia mwingine. Akisubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yanarefuka, na watoto waliokuwa kimya wanaanza kusema. Sekunde tatu! Tukakubaliana: ukishauliza, mikono nyuma, hesabu vidole vitatu, kisha ndipo ufungue mdomo. Wiki ya kwanza ilikuwa mateso. Ukimya wa sekunde tatu mbele ya watoto 87 ni mrefu kuliko lekcha ya Ijumaa mchana. Mwalimu alizoea kabla yangu.

La tatu ni maswali. Tuliacha kuuliza hii ni rangi gani, tukaanza kuuliza umetengeneza nini hapa.

Kadi ya mtoto wa sweta ilitoka siku ya sita. Alikuwa nje chini ya mwembe amepanga vizibo vya soda kwenye mchanga, mstari mmoja. Mwalimu alichuchumaa, akamwuliza ametengeneza nini. Akaweka mikono nyuma. Nilimwona anahesabu. Alipofika kidole cha tatu aliendelea mpaka cha tano, akazungusha tena. Mtoto alikuwa anaangalia vizibo.

Kisha akasema ni mizinga ya babu yake. Akaonyesha mmoja mmoja kwa kidole, akasema ule wa mwisho hauna nyuki, walihama mvua ilipochelewa, na babu amesema watarudi. Alieleza kwa muda mrefu, Kiswahili na Kinyamwezi vikichanganyika, jinsi babu anavyotumia moshi, na kwamba yeye haogopi. Mwalimu aliuliza jambo ambalo kweli hakulijua: nyuki wanajuaje mzinga ni wao? Mtoto akafikiri, akasema atamwuliza babu.

Mwalimu alisimama, magoti yakalia. Hatukusemezana. Aligeuza kadi ile akaandika nyuma yake neno moja, mizinga, akairudisha kwenye boksi.

Fildi ilipoisha nilimwachia kadi. Juzi nilimpigia simu kumsalimia. Ameniambia mtoto yule ameingia darasa la kwanza, na kwamba mwaka huu darasa lake lina watoto 93. Kadi zile za zamani zimechakaa, ametengeneza nyingine.